Namna ya Kumfukuza Kazi Mtani

Saa mbili na dakika kumi asubuhi ya Jumatatu nilimfukuza kazi fundi aliyekuwa akishona dukani kwangu kwa miaka miwili na miezi mitatu. Dakika hiyo ninaijua kwa sababu nilitazama saa ya ukutani kabla sijafungua mdomo. Niliamini kwamba jambo la kisheria lazima lianze kwa saa inayojulikana. Nilisema, "Kuanzia sasa huna kazi hapa. Chukua mkasi wako, nenda."

Alicheka mpaka akashika mbavu. Fundi wangu wa pili, mzee wa Kanisa la Moravian ambaye kwa kawaida hafungui kinywa mpaka kifungo cha mwisho kishonwe, naye akacheka kwa kiasi chake. Muuza kahawa wa barazani ng'ambo ya barabara alisikia, akawasimulia wateja wake, nao wakacheka. Kisha mtu niliyemfukuza akavuta stuli, akaketi kwenye cherehani, akaniuliza uzi wa kaki nimeuficha wapi.

Shida ilikuwa kwamba yeye ni Mzaramo na mimi ni Mnyamwezi. Babu zangu walibeba pembe na mizigo ya watu wengine kutoka hapa Tabora mpaka pwani kwa miguu, na walipofika huko wakiwa hoi walipokelewa na babu zake, ambao waliwacheka, wakawalisha, wakawapunguzia mali kidogo, na mwishowe pande zote mbili zikakubaliana kwamba tangu siku hiyo kila mmoja ana ruhusa ya kumtukana mwenzake bila kesi. Mkataba huo hauna muhuri wala sahihi. Sijaona mwingine unaoheshimiwa kama huo katika nchi hii.

Kwa hiyo kila asubuhi kwa miaka miwili na miezi mitatu alichelewa kazini, na kila asubuhi nilimwambia, "Mzaramo wewe, leo nakufukuza, rudi kwenu ukacheze ngoma." Naye alijibu, "Ukinifukuza nani atakubebea mzigo, mpagazi? Au utajibebea mwenyewe kama babu yako?" Tukacheka, tukaanza kazi. Kwa hesabu yangu nilikuwa nimemfukuza zaidi ya mara mia sita. Mtu aliyejifundisha mwenyewe kufikiri kwa utaratibu, baada ya kuachia shule darasa la nne, angepaswa kuliona tatizo hilo mapema. Sikuliona.

Sababu ya kumfukuza ilikuwa kofia. Jumamosi iliyotangulia nilikwenda sokoni kununua vitunguu, nikakutana na gauni la mteja wangu limevaliwa kichwani na mtoto wa mtu mwingine. Kitambaa kile nilikijua, maua ya zambarau juu ya rangi ya maziwa, yadi nne na nusu, nilikipima mimi mwenyewe. Nikatazama vizuri. Mezani kwa mama mmoja mchuuzi zilipangwa kofia ishirini na mbili za watoto, na katika hizo nilitambua vitambaa vya wateja wangu kumi na mmoja, pamoja na kaki ya sare za shule na bitana ya koti la msimamizi wa kwaya. "Anashona fundi wako," yule mama aliniambia kwa fahari. "Mkono wake mzuri."

Mkono ulikuwa mzuri kweli. Ndiyo maana wateja walikuwa wakilalamika kwamba nguo zao zinabana.

Nilipoona kwamba kwa mdomo hafukuziki, nilifungua kitabu changu. Nilikuwa nimekinunua kwa muuza vitabu vikuukuu, kinafundisha kuandika barua za biashara, na kina ukurasa mzima juu ya kumwachisha mtumishi. Jioni ile nyumbani Ipuli nilinakili barua kwa kalamu ya wino, na chini yake nikaweka karatasi ya kaboni ili nibaki na nakala. Nilitaja vitambaa vyote kumi na kimoja kwa rangi na kwa yadi. Mke wangu aliisoma, akasema ni barua nzuri sana, ila imekosa kitu kimoja.

"Kipi?"

"Haitishi."

Jumanne nilimpa barua mbele ya fundi wangu wa pili. Akaipokea kwa mikono miwili, akavuka barabara, akapanda kwenye baraza la muuza kahawa na kuisoma yote kwa sauti, kuanzia tarehe mpaka "Wako mtiifu katika ujenzi wa taifa". Alisoma vizuri kuliko nilivyoandika. Alipofika kwenye bitana ya koti la msimamizi wa kwaya watu walikuwa wanafuta machozi. "Oneni mtani wangu anavyonipenda," alisema. "Wengine wanafukuzwa kwa mdomo tu. Mimi nimeandikiwa!"

Hapo ndipo nilipoondoa cherehani yake dukani na kuifungia stoo. Alipoona mahali pake pamebaki sakafu tupu, aliishia mlangoni. Halafu akarudi kwenye baraza la kahawa, na hapo akakaa kwa siku kumi na sita za kazi.

Lazima nieleze hasara iliyokuwa mbele yangu, maana si ya kuchekesha. Kila mwaka, wakulima wa tumbaku wanapolipwa, kuna wiki tano ambazo watu wa Goweko na vijiji vya reli huja mjini na treni wakiwa na fedha mkononi. Hununua vitambaa, hushonesha suruali, hurudi kwao. Wiki hizo tano ndizo zilizolisha nyumba yangu na kulipa kodi ya duka kwa mwaka mzima. Mwaka ule zilianzia wiki ileile ya kumfukuza mtu wangu. Wateja hao wangenipita, duka lingefungwa kabla ya mvua za kwanza, nami ningerudi kulima, kazi ambayo nasikia ni ya heshima kubwa sana, hasa kutoka kwa watu wenye ofisi.

Na njia ya kutoka stesheni kuja kwangu ilipita mbele ya baraza la muuza kahawa.

"Mwangaluka, wazee wangu!" aliwaita, Kinyamwezi chake kikiwa kimevaa kanzu ya pwani.

"Mwangaluka."

"Mnampelekea nani hiyo tetroni nzuri? Yule mpagazi pale? Haya, nendeni. Ila mjue, mkimpa kitambaa cha suruali mtatoka na kaptula, na mtoto wa mtu sokoni atapata kofia."

"Kweli?"

"Nimefanya kazi kwake, mimi. Nenda sokoni ukatazame mwenyewe."

Walikwenda sokoni wakatazama. Kofia zilikuwepo. Kwa namna hiyo mwizi alikuwa amepata ushahidi kamili wa wizi wake mwenyewe, akaniandika mimi kuwa mhusika, na hakukuwa na neno hata moja la uongo katika habari yake isipokuwa jina.

Hiyo ilikuwa miaka ya Ujamaa, ambapo neno kupe lilikuwa limepandishwa cheo kutoka kwa ng'ombe hadi kwa binadamu. Siku ya tano alinipa cheo hicho. "Cherehani tatu!" alipaza sauti. "Mtu mmoja, makalio mamoja, cherehani tatu! Huyo si kupe? Mbili anazishonea kwa miguu gani?" Nilikuwa nimezinunua kwa miaka tisa, moja baada ya nyingine, na cherehani ya tatu ndiyo iliyompa yeye kazi. Nilitaka kumweleza. Lakini mtani hajibiwi kwa maelezo. Anajibiwa kwa tusi lililo bora zaidi, na mimi, ambaye nahitaji siku mbili kutunga tusi na siku ya tatu kulisahihisha, sikuwa na uwezo wa kushindana na mtu anayekunywa kahawa tangu asubuhi.

Nilikwenda kwa balozi wetu wa nyumba kumi, Mnyamwezi mwenzangu na mtu wa busara. Nikampa nakala ya barua. Aliisoma akitikisa kichwa kwa huzuni.

"Amekupiga?"

"Hapana."

"Amekuibia?"

"Ndiyo! Kofia."

"Hizo ni za wateja. Wewe amekuibia nini?"

"Wateja."

Balozi akakunja barua, akanirudishia. "Mtani kukusema ni jambo la kawaida, ndugu yangu. Siku atakaponyamaza ndiyo uje."

Alhamisi ya wiki ya pili walikuja wazee watatu wa Goweko, kila mmoja na kitambaa chake kwapani, na mmoja kati yao nilikuwa nimemshonea miaka mitatu mfululizo. Nilijua mpaka kiuno chake, inchi thelathini na nne, mguu wa kushoto mfupi kwa robo. Niliwaona wakisimama barazani. Nilimwona mtani wangu akiinama kama anapima mguu wa yule mzee, kisha akijishika kichwani kuonyesha kofia. Wakacheka. Wakageuka, wakachukua njia ya kwa fundi mwingine karibu na stendi.

Nilitoka dukani na futi ya mbao mkononi, nikavuka barabara, nikasema kwa sauti ambayo sikujua ninayo, "Mwizi wewe! Kofia zile umeziiba wewe! Wewe ni mwizi na mwana haramu, na ukikaa hapa tena nitakuvunja miguu!"

Muuza kahawa aliacha kumimina. Wazee wa Goweko waligeuka kunitazama, na machoni mwao niliona sikitiko ambalo mtu humwekea mgonjwa.

Mtani wangu aliangalia huku na huku, akasema polepole, "Jamani. Mtani amekasirika."

Yeyote aliyekulia Tabora anajua nilichokuwa nimefanya. Mtu anaweza kuiba, kulewa, kukwepa kazi ya kujitolea ya mtaa, na bado akawa mtu. Lakini kumkasirikia mtani hadharani ni kuvunja mkataba wa babu zako na babu zake. Saa kumi jioni niliitwa na balozi yuleyule, ambaye safari hii alikubali kwamba shauri lina uzito. Nilihukumiwa beberu mmoja. Mlalamikaji alikuwa mwizi, mshitakiwa alikuwa aliyeibiwa, na wote tulikubaliana kwamba haki imetendeka. Beberu alichinjwa Ijumaa baada ya sala, na mtaa ulikula. Mtani alipewa maini. Alinikatia kipande, akaninyooshea kwa mkono wake mwenyewe, nami nikala, maana kukataa kungegharimu beberu wa pili.

"Tumeyamaliza?" niliuliza.

"Tumeyamaliza, mpagazi," alisema. Jumamosi asubuhi alikuwa barazani.

Wiki ya tatu nilikwenda kwa afisa kazi. Alikuwa kijana nadhifu kutoka mbali, wa kabila lisilo na utani na langu wala na lake, na kwa sababu hiyo tu nilimtumaini. Alinisikiliza, akaandika, akatoa hati ya kutuita wote siku ya Jumamosi pamoja na mashahidi. Nikampeleka fundi wangu wa pili, kwa kuwa hajawahi kusema uongo, na balozi, kwa kuwa hakuweza kukataa.

"Ndugu," afisa alimuuliza mtani wangu, "ulifukuzwa kazi Jumatatu ile?"

"Nilifukuzwa, Ndugu Afisa. Kama kawaida."

"Kama kawaida maana yake nini?"

"Muulize huyo mzee."

Afisa akamgeukia fundi wangu wa pili. Mzee alisimama, akavua kofia. "Alimfukuza Jumatatu," alisema. "Na Jumamosi kabla yake. Na Ijumaa. Alhamisi sikumbuki vizuri, mwenye duka alikuwa na homa."

"Wewe ulijuaje ipi ni ya kweli?"

"Sikujua, bwana. Nilidhani zote ni za kweli, na kwamba huyu hasikii."

Balozi naye akaulizwa. Akasema kwamba yeye, kama kiongozi wa nyumba kumi, alilitambua jambo hilo kuwa la utani tangu mwanzo, na kwamba hata beberu alitolewa kwa msingi huo.

"Beberu gani?" afisa aliuliza.

Ilichukua dakika ishirini na tano kumweleza beberu. Alipoelewa, aliweka kalamu chini, akaishika tena. Akaamua kwamba hakuna shahidi hata mmoja anayeweza kusema kwa yakini kwamba mtumishi huyu aliachishwa kazi siku ile. Kwamba barua ilisomwa hadharani kama mzaha na ikapokelewa hivyo na mtaa mzima. Kwamba kwa hiyo kazi yake haikukoma mpaka siku hii ya leo, hapa ofisini. Na kwamba anastahili mshahara wa siku kumi na nane za kazi pamoja na mwezi mmoja badala ya notisi.

Niliomba ufafanuzi. "Kwa siku hizo kumi na nane, Ndugu Afisa, alikuwa akinitukana barazani."

"Je, ulimpa kazi nyingine ya kufanya?"

Sikuwa nimempa.

Afisa akamtazama mtani wangu. "Ndugu, sasa nakuambia rasmi. Umeachishwa kazi. Umeelewa?"

Nilisubiri acheke. Hakucheka. Alinigeukia, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue uso wake haukuwa na kitu chochote cha ziada.

"Kwa kofia tu?" aliuliza.

"Kwa kofia."

"Vipande vile ulikuwa unavifagia, unavitupa."

"Gauni la yadi nne na nusu halina kipande cha kufagia cha ukubwa ule."

Alifikiri. "Ungeniambia siku ile kwa uso huu wa leo," alisema, "ningeondoka siku ileile. Wewe ulisema unatabasamu."

"Sikutabasamu."

"Ulitabasamu, mtani."

Nimelifikiria jambo hilo kwa miaka mingi, na siwezi kuapa. Mdomo uliozoea kumwambia mtu maneno hayohayo kwa kicheko mara mia sita huenda ukakunjuka wenyewe. Nililipa pale pale, afisa akapiga muhuri.

Nilidhani huo ndio mwisho. Jumatatu asubuhi nilikuwa na wateja wanne wa Goweko dukani, waliokuja kwa sababu foleni ya fundi wa stendi ilikuwa imevuka kizingiti. Mlango ukajaa kivuli. Aliingia na kitambaa cha tetroni ya kijivu begani, mita mbili na robo, kipya kutoka dukani, kimenunuliwa bila shaka kwa fedha yangu.

"Fundi," alisema kwa adabu ya mteja, "nipime suruali."

Nilimpima. Sikuwa na sababu ya kumkataa mteja anayelipa, na yeye alilijua hilo. Wale wanne walitazama kila inchi. Nilipomaliza kuandika, aliweka kidole chake juu ya meza ya kukatia.

"Halafu vipande vyote vinavyobaki nitavichukua. Mpaka cha ukubwa wa kidole. Kata mbele yangu. Nawajua mafundi mimi."

Mmoja wa wazee akaguna. Wa pili akaanza kukunja kitambaa chake kukirudisha kwapani. Niliiona wiki ya nne ikitoka mlangoni ikimfuata.

Nilichukua mkasi, nikakata suruali ile hapo hapo wakishuhudia. Kila kipande nilikiweka upande mmoja, hata nyuzi. Kisha nikavifunga vyote kwa uzi, nikamkabidhi, nikawaambia wale wazee kwamba kuanzia leo kila mteja atakatiwa mbele ya macho yake na ataondoka na vipande vyake vimefungwa. Yule aliyekuwa anakunja kitambaa akakikunjua.

Mtani wangu alipima kifurushi mkononi, akionekana kutafuta neno. Hakulipata. Alichukua suruali siku ya tatu, akalipa bei kamili, akapanda treni ya pwani, na sijamwona tena.

Desturi ile ya vipande ilisambaa. Katika wiki mbili zilizobaki walinijia kutoka Goweko, na wengine hata kutoka Lusu, kwa ajili ya kusimama mezani na kunitazama nikikata, wakinisahihisha. Mpaka leo hakuna mteja anayeniacha nikate peke yangu. Kwa kuwa mifuko ya suruali nilikuwa naishonea vipande vilivyobaki, jambo halali ambalo kila fundi hulifanya, sasa nililazimika kununua kitambaa cha mifuko. Gharama hiyo siihesabu hapa, maana ni ya kudumu. Duka lilifika mvua za kwanza, na za pili.

Kwa ajili ya yeyote atakayetaka kumfukuza mtani wake, natoa hesabu ya kumfukuza wa kwangu. Mshahara wa siku kumi na nane za kunitukana, shilingi tisini. Mwezi mmoja badala ya notisi, mia na thelathini. Beberu, thelathini. Karatasi, kaboni na bahasha, senti hamsini. Suruali thelathini na moja zilizopungua kwa wiki tatu nikilinganisha na mwaka uliotangulia, kwa ushonaji wa shilingi kumi na mbili kila moja, mia tatu sabini na mbili. Jumla ya hasara: shilingi mia sita ishirini na mbili na senti hamsini.